Kasuku Aliyeita Wenzake

Katika nchi ya Maniema hakuna mtoto asiyemjua kasuku. Ndege huyu ni wa rangi ya majivu, mkia wake ni mwekundu kama ngazi zilizoiva, mdomo wake ni mweusi na umepindika. Asubuhi na mapema makundi yake huvuka mto Lualaba yakipiga miluzi, yakienda kutafuta chakula mwituni. Jioni hurudi kulala katika miti mirefu. Mjini Kindu kuna hata komini inayoitwa Kasuku.

Watu wazima wana neno lao juu ya ndege huyu. Mtu akisema maneno aliyoyasikia pasipo kuelewa maana yake, huambiwa: Wewe ni kasuku. Walimu wa dini hulipenda neno hilo sana, pengine kupita kiasi. Maana si kosa la mtoto kushika maneno kwanza na kuyaelewa baadaye. Kila mtu alianza hivyo alipojifunza kusema mgongoni mwa mama yake.

Katika kijiji kimoja cha ng'ambo ya mto alikaa kijana wa miaka 17, mkatekumeni wa mwaka wa mwisho. Katekisimu aliijua yote kwa moyo. Mwalimu akiuliza swali, kijana huyu alijibu kabla swali halijaisha. Akiombwa kusali, alisali pasipo kukwama hata mahali pamoja. Mwalimu alimtumia kuwafundisha watoto wadogo chini ya mwembe kila siku ya alhamisi. Batizo lake lilitazamiwa kwa Pasaka iliyofuata, na jina alikuwa amekwisha kulichagua.

Jambo moja halikuulizwa katika masomo, naye hakulisema. Nyumbani kwao, chini ya upenu wa jiko, palikuwa na kasuku aliyefungwa mguu kwa kamba. Miaka minne ilikuwa imepita tangu alipoletwa pale. Ndege yule alijua kusema, "Hodi, Mama," na mama wa kijana alizoea kumjibu, "Karibu," kila asubuhi kabla ya kuwasha moto. Wageni walicheka sana. Lakini kasuku yule hakufugwa ili awachekeshe wageni.

Mwezi wa saba, masomo yalipofungwa na kiangazi kilipokausha njia, paroko aliwakusanya vijana wa vijiji vyake katika kambi ya siku sita. Walikuja 40 hivi, wavulana kwa wasichana, kila mmoja na unga wake wa muhogo, sahani yake na mkeka wake. Asubuhi walisikia Misa, kisha wakafanya kazi ya kusafisha njia ya chemchemi, alasiri walifundishwa, usiku waliimba na kupiga ngoma mpaka paroko alipotoka nje na taa yake, nao wakajua maana ya taa ile.

Siku ya nne mwalimu aliwaongoza kwenda kutazama nyumba ya kuponya kasuku, mahali panapoletwa ndege walionyang'anywa wafanyabiashara. Walitoka kabla ya mapambazuko, wakavuka Lualaba katika mitumbwi, na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji. Kundi la kasuku likapita juu ya vichwa vyao. Vijana wakaanza kuhesabu kwa sauti. Mmoja alifika 30 akapotewa. Mkatekumeni yule hakuhesabu. Aliwafuata kwa macho ili aone ni mti gani watakaoushukia, kisha akainamisha kichwa, maana alijishika mwenyewe akifanya hivyo.

Mahali pale palizungushiwa ua wa mianzi. Ndani mlikuwa na vizimba vya waya na mbao, vingine vidogo kama sanduku, kimoja kirefu kama kapela ya kijiji. Aliyewapokea ni mama mmoja mwenye koti la kijani na viatu vya mvua. Aliwasalimu kwa upole, kisha akawapa amri ambazo hawakuzitazamia.

"Watoto wangu, humu msipige kelele. Msiwasalimu ndege. Msiwafundishe hata neno moja. Kasuku akisema maneno ya watu, sisi hatumjibu."

Msichana mmoja akauliza, "Mama, kwa nini? Si kumnyima adabu?"

"Kwa sababu akizoea kujibiwa na mtu, siku tutakapomfungulia hatakwenda mwituni. Atashuka kijijini kumtafuta mtu wa kuzungumza naye. Na huyo mtu atamtia kikapuni, ampeleke sokoni. Maneno tuliyomfundisha ni kamba nyingine mguuni mwake."

Akawapeleka kwanza kwenye vizimba vidogo, wanamokaa wale wanaoletwa wapya, peke yao, wasije wakawaambukiza wengine ugonjwa. Ndani ya kimoja palikuwa na ndege ambaye kifua chake kilikuwa kimebaki ngozi tupu. Mama alieleza kazi ya ulimbo. Mwindaji huchemsha utomvu wa miti mpaka uwe mzito, akaupaka juu ya makuti ya mchikichi. Kasuku akitua, miguu yake inashikwa. Akipiga mabawa ajiokoe, mabawa nayo yanashikwa. Kadiri anavyojipigania ndivyo anavyozidi kunaswa. Mwindaji hupanda, akambandua kwa nguvu, na manyoya yakabaki katika ulimbo. Kisha humkata mabawa kwa kisu asiruke. Wakiwa wengi hubanwa pamoja katika sanduku moja, wakasafirishwa kwa kinga, kwa mtumbwi, kwa ndege ya angani. Wengi hufa njiani, nao waliokufa hakuna anayewahesabu.

Kuwaondolea ulimbo si kazi ya siku moja. Mama huulainisha kwa mafuta, kisha huuosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kidogo leo, kidogo kesho, maana kasuku akishikwa mkononi muda mrefu hufa kwa hofu tu.

Juu ya mabawa alisema jambo lililowashangaza wote. Unyoya uliokatwa hauoti tena mara moja. Kishina chake hubaki mwilini, na pengine mwaka mzima hupita kabla hakijaanguka chenyewe. Wakati wote huo ndege hawezi kuruka. Lakini mganga wa wanyama akimlaza usingizi kwa dawa, akaking'oa kishina kile mpaka mzizi wake, unyoya mpya huanza kuchipuka baada ya majuma machache.

"Kumbe kung'oa ni bora kuliko kukata," akasema mvulana mmoja.

"Kung'oa kunauma zaidi," akajibu mama. "Ndiyo sababu tunamlaza kwanza."

Akaendelea kuwaeleza maisha ya kasuku, na vijana waliodhani wanamjua waliona kwamba hawakumjua. Hajengi kiota juu ya tawi kama ndege wengine. Hutafuta tundu katika mti mkubwa wa zamani, na miti hiyo ndiyo inayokatwa kwanza na wapasua mbao. Jike hutaga mayai matatu au manne, akayaatamia karibu siku 30, na makinda hukaa tunduni karibu majuma 12 kabla ya kutoka. Hupita miaka kadhaa kabla kinda hajawa mzazi. Akitunzwa vizuri aweza kuishi miaka 40 na zaidi. Ndege wa namna hii wakipungua hawarudi upesi kama kware au njiwa. Katika nchi ya Ghana, wataalamu waliandika mwaka 2016 kwamba tangu mwaka 1992 kasuku walikuwa wamepungua kwa sehemu 90 mpaka 99 katika kila 100. Watoto wengi wa huko hukua pasipo kuusikia mluzi wake.

Nao walikwenda wapi? Katika nyumba za nchi za mbali, wanakopendwa kwa sababu wanasema. Tangu mwaka 1975 kasuku zaidi ya milioni moja wa mwituni walitolewa katika nchi za Afrika, na hao ni wale walioandikwa tu katika vitabu vya biashara. Mwaka 2016 wajumbe wa mataifa walikutana Johannesburg, wakamtia kasuku huyu katika orodha ya wanyama ambao biashara yao ya kutoka nchi mpaka nchi imekatazwa. Katazo lilianza kushika mwaka 2017. Biashara haikukoma, ilijificha.

Walipofika karibu na kizimba cha mwisho, sauti ikasema kutoka ndani, wazi kabisa, sauti ya mzee mwanamume: "Karibu, mgeni, karibu." Vijana wakaangua kicheko, kisha wakaziba vinywa vyao, wakikumbuka amri. Ndani alikaa kasuku peke yake. Mabawa yake yalikuwa mafupi kama ya kifaranga. Mguu wake wa kuume ulikuwa na kovu kuzunguka, mahali kamba ilipokaa miaka mingi, na pale ngozi ilikuwa ngumu, haina nyoya. Alipoona watu wamenyamaza, aliacha maneno ya watu, akapiga mluzi wa mwituni, mrefu, mtamu. Kutoka mbali, ng'ambo ya ua, kasuku huru wakamjibu.

"Huyu alikuwa ndege wa chambo," akasema mama. "Mwindaji humfunga juu ya mti kati ya makuti yenye ulimbo, akajificha. Wenzake wakipita juu, yeye anaita. Anaita kwa sababu yuko peke yake na anawataka. Nao wanashuka kwake. Huyu amewaita wengi. Hatujui wangapi."

Mkatekumeni yule alitazama kovu la mguu. Aliijua kamba inayofanya kovu la namna hiyo, na fundo lake alilijua vilevile.

Jua lilipokuwa utosini walikaa chini ya mti, wakala ugali na sombe waliyobeba. Baada ya kula mwalimu akasimama kufundisha. Alikuwa mzee wa kazi hiyo, mwenye kusema polepole, asiyependa kupiga kelele.

"Yezu alipotaka kuwaonyesha wanafunzi wake kwamba Baba wa mbinguni anawaangalia," akasema, "hakuchukua mfano wa tai wala wa simba. Alichukua mfano wa shomoro, ndege wa bei ndogo kuliko wote sokoni. Angalieni vema: alisema juu ya ndege wanaouzwa. Alijua bei yao. Na Mama yake mwenyewe, alipomtoa hekaluni, alileta ndege wawili, kwani hakuwa na uwezo wa kumleta mwana-kondoo. Basi asifikiri mtu kwamba Injili haimjui maskini anayekwenda sokoni na ndege mkononi.

"Mungu amempa mtu ruhusa ya kula na kutumia. Kuku mnayechinja siku ya sikukuu si dhambi. Lakini Katekisimu ya Eklezia, ile iliyotolewa mwaka 1992, habari ya wanyama imewekwa wapi? Imewekwa chini ya amri ya saba, inayokataza wizi. Fikirini kwa nini. Kitu kikiwa na mwenyewe, na wewe ukakimaliza, umeiba. Mwitu una Mwenyewe. Tena wana fungu ndani yake wale ambao hawajazaliwa bado. Na katika mahali palepale Eklezia inafundisha kwamba kumtesa mnyama bila haja ni jambo lisilopatana na heshima ya mtu. Kisu kile kinapomkata ndege mabawa, kinamkata na yule anayekishika."

Akawasimulia habari za Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyekutana njiani na kijana anayepeleka hua sokoni, akamwomba, na kijana akampa bure. Mtakatifu akawatengenezea viota, wakazaa. Na kijana yule baadaye akaingia utawani. Akawakumbusha pia barua ya Papa Fransisko ya mwaka 2015 juu ya kuitunza dunia, inayosema kwamba kila kiumbe humtukuza Mungu kwa namna yake, na kinapotoweka kwa kosa la watu, sifa ile inakatika.

Hapo msichana aliyeuliza asubuhi akainua mkono tena. "Mwalimu, unisamehe. Ndege hawa wanapewa ngazi kila siku. Wana mganga wao. Kijijini kwetu mtoto akiugua homa hatuna mganga. Je, Mungu anafurahi na jambo hili?"

Watu wakanyamaza. Wengine walidhani mwalimu atakasirika. Hakukasirika. Alikaa kimya muda, kisha akasema kwamba swali ni la haki, na kwamba asiyeumia kwa ajili ya mtoto mgonjwa hana sababu ya kujisifu kwa kuumia kwa ajili ya ndege. Akasema tena: "Lakini unijibu na wewe, mwanangu. Wazee wetu wameuza kasuku miaka mingi. Katika kijiji chako, ni zahanati gani iliyojengwa kwa feza ya kasuku? Ni darasa gani?"

Msichana akafikiri. "Hakuna, Mwalimu."

"Mwindaji alipewa kidogo, mchuuzi akapata zaidi, na yule wa mwisho, wa ng'ambo ya bahari, akapata mali. Ndege wametoka, mganga hajaja. Aliyetunyima mganga si kasuku."

Jibu hili halikumaliza swali, na mwalimu alijua hivyo. Kwani jioni, njiani, alimwita msichana yule, wakatembea pamoja wakiongea juu ya mambo ya zahanati mpaka mtoni. Lakini pale chini ya mti aliendelea na neno lililokuwa moyoni mwake tangu walipotoka kwenye kizimba cha mwisho.

"Ulimbo peke yake haumnasi kasuku. Kasuku ana akili. Akiona kitu kigeni mtini, hupita. Lakini akimsikia mwenzake akiita, husema moyoni: huko kuna chakula, huko kuna amani, ndugu yangu yuko. Anashuka. Shetani naye ni mwindaji mwenye akili. Hamwiti kijana kwa sauti yake mwenyewe, maana nani angemfuata? Humtafuta mmoja aliyekwisha kunaswa, humfunga mguu, humpa chakula, akamwacha aite. Aliyewapeleka wenzenu kwenye pombe kali ni nani? Rafiki yao. Aliyewapeleka wengine katika vikundi vya bunduki, wasirudi, ni nani? Mtoto wa kijiji chao, aliyerudi siku moja na viatu vipya. Ndiyo maana Bwana wetu alisema maneno makali kuliko yote juu ya mtu anayemkwaza mdogo.

"Kasuku wa chambo hana dhambi. Hajui anachofanya. Mtu anajua."

Baada ya hayo hakuongeza neno. Akawaamuru wasali, wakasali. Mkatekumeni yule, aliyezoea kuanzisha sala, safari hii hakuianzisha. Mwingine alianza, akakosea mahali pawili.

Usiku ule hakulala. Ngoma iliponyamaza, alikwenda kugonga mlango wa mwalimu. Mkatekumeni hana bado sakramenti ya kitubio. Alichokwenda kusema alikisema kama mtoto anavyomwambia baba yake. Alisema kwamba anaye ndege wa chambo nyumbani. Kwamba katika miaka minne ndege yule amewaita wenzake zaidi ya mia. Kwamba mwezi wa tano mchuuzi mmoja wa mjini alimpa feza ya mbele kwa ajili ya kasuku sita, na feza ile imekwisha, kwani alimlipia dada yake mdogo shule. Mchuuzi atarudi mwisho wa mwezi wa nane.

"Katekisimu naijua yote, Mwalimu," akasema. "Lakini leo nilimwona kasuku anayesema 'Karibu, mgeni' naye hana nyumba."

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Kijana akasema kwamba asubuhi ile ile atakimbia nyumbani, akate kamba, amwache ndege aende zake.

"Aende wapi?" akauliza mwalimu. "Mabawa hana. Ukimwacha hivyo, paka atamla kabla ya jioni, nawe utasema: nimetubu. Hiyo ni toba ya kujipendeza. Umlete kwa yule mama. Na mchuuzi umrudishie feza yake."

"Sina, Mwalimu."

"Najua. Mpunga wako utavunwa mwezi gani?"

Walipokwisha kufunga kambi, kijana alirudi kwao. Kumwambia mama yake kulikuwa kugumu kuliko kumwambia mwalimu. Mama hakumtetea mchuuzi wala ulimbo, alisema neno moja tu: "Baba yako alipokufa, ni huyu ndege aliyenisalimu asubuhi." Maana aliletwa mwaka ule ule wa msiba. Kijana hakujua la kujibu. Siku mbili alikaa, na siku ya tatu mama mwenyewe alitafuta kikapu, akatandika majani ndani yake, akaifungua kamba kwa mkono wake.

Mama mlinzi aliandika katika daftari lake siku ndege alipoletwa, hali ya mabawa yake na kovu la mguu. Hakumuuliza kijana maswali mengi. Wengi waliowahi kuleta ndege pale walikuwa wamewakamata wao wenyewe, naye aliwajua kwa macho yao. Alimtia ndege katika kizimba kidogo, akafunga mlango. Kijana alipogeuka kwenda, ndege akaita nyuma yake, "Hodi, Mama." Akaita tena. Kijana alisimama. Mama mlinzi akamtazama, akatikisa kichwa taratibu, naye akatoka uani pasipo kujibu, mkono wake kinywani.

Mchuuzi alikuja siku aliyoisema. Aliposikia habari, alicheka kwanza, kisha akakasirika, kisha akacheka tena. "Wewe ukiacha, mwingine atakamata," akasema, na hakusema uwongo. Vijiji viwili chini ya mto vijana walikuwa bado wanachemsha ulimbo. Walakini alikubali kungoja mavuno, kwa masharti kwamba alipwe na nyongeza. Mwezi wa kwanza kijana alivuna mpunga wake, akaupeleka sokoni mara mbili kwa kichwa, akalipa deni lote na nyongeza yake. Kilichobaki hakikutosha shule ya dada yake. Mjomba wao alilipa nusu; nusu nyingine mwalimu mkuu alikubali kuingoja. Mwaka ule nyumbani kwao walikula muhogo siku nyingi kuliko wali.

Katika Kwaresima, paroko aliwaita wakatekumeni wa mwaka wa mwisho wafike misioni kwa mtihani wa batizo. Kijana alitoka siku moja mapema, apite kwanza penye ua wa mianzi.

Mama mlinzi alikuwa akimimina ngazi katika vyombo. Alimkumbuka. Alimwambia kwamba mganga aling'oa vishina mwezi wa tisa, na kwamba manyoya yalichipuka vizuri, isipokuwa machache ya upande wa kushoto. Sasa ndege yuko katika kizimba kirefu pamoja na wengine. Kama ataweza siku moja kutoka nao, haijulikani bado. Aliyekaa na watu miaka minne aweza kukawia.

"Anasema bado?" akauliza kijana.

"Mwanzo alisema kila asubuhi. Tangu Noeli sijamsikia."

Wakaenda mpaka penye kizimba kirefu, wakasimama mbali kidogo. Ndani walikuwamo kasuku karibu 30. Wengine walikula, wengine walining'inia katika waya, wengine waliruka toka mwisho huu mpaka mwisho ule kwa kishindo cha mabawa. Kijana alitafuta kovu la mguu, lakini kutoka pale miguu haikuonekana. Akasikiliza, miluzi tu.

"Ni yupi, Mama?"

Mama akamwonyesha tawi la juu, upande wa jua. Ndege watano walikuwa wamekaa pale kwa mstari, wote wa rangi ya majivu, wote na mikia myekundu. Kijana aliwatazama mmoja mmoja kwa muda mrefu. Kisha akamshukuru mama, akachukua kifurushi chake na kushuka mtoni, kwa sababu mtumbwi wa mwisho ulikuwa karibu kuondoka, na mtihani ulikuwa kesho asubuhi.